Mkwe Kaita

Mwalimu Jovin alinipigia simu mwenyewe. Akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikamwitikia, kisha akaniambia wastaafu wa reli wa wilaya zetu mbili wanakutana Biharamulo, wale, wanywe, wakumbushane ya zamani, na kwamba kiti cha marehemu mume wangu hakiwezi kukaa kitupu. Nikamwambia kiti kikikaa kitupu hakipati homa. Akacheka. Huyu kijana ana ugonjwa wa treni. Amezaliwa Biharamulo mjini, mahali ambapo reli haijawahi kupita, lakini sebuleni kwake ameweka taa ya gadi, filimbi tatu, na kipande cha chuma cha reli ambacho mke wake anakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mimi niliyeishi kando ya reli sina hata picha yake. Nilikataa mara ya kwanza, akapiga tena, nikasema magoti yananisumbua, nikasema barabara kutoka Ngara inanichosha. Magoti yangu ni mazima kabisa. Nilikuwa naona aibu, ile ile ya ujana wangu, ambayo nilidhani imekufa pamoja na mume wangu mwaka jana, kumbe ilikuwa imelala tu. Na mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu wa sekondari, atamwambiaje kijana kwenye simu kwamba anaogopa wimbo?

Nilikwenda kwa sababu mwanangu wa mwisho alikuja na gari bila kuniuliza. Ukumbi wa parokia ulikuwa umepambwa kwa bendera za kijani na nyekundu, zile za kuruhusu na kuzuia treni, zimechanganywa hovyo hovyo, mpaka mzee mmoja aliyekuwa stesheni masta akasimama mlangoni, akazitazama, akauliza kwa hasira ya kweli, "Sasa hapa tupite au tusimame?" Wote wakaangua kicheko, na kwa kicheko kile kimoja nikawatambua, ingawa nyuso zilikuwa zimebadilika. Madereva, mafundi, magadi, watu wa njia, wengine na mikongojo, wengine wameshikwa mikono na watoto wao. Nilimwomba Mwalimu Jovin asinitangaze. Nikajibanza kwenye kona karibu na masufuria, kule kwa akina mama wanaopakua pilau, nikapewa sahani ya ndizi na nyama na soda ya moto. Nilikuwa katikati ya kula nilipomsikia mzee Masanja akikohoa. Kikohozi kile ningekijua hata kaburini. Alikuwa ameketi mbele, macho yake yote mawili yameshaondoka, fimbo katikati ya magoti, na mtu mmoja alikuwa anamwambia, "Mzee, tupe zile za gengi." Nikaacha kula hapo hapo.

Gengi, kwa wasiojua, ni kambi ya watu wa njia, wale wanaogonga kokoto chini ya mataruma, vile vipande vinavyolaliwa na reli, na kukaza reli yenyewe ili treni isianguke. Gengi letu lilikuwa kwenye njia ya Mwanza, mbele ya Isaka, nyumba chache za mawe zenye bati, zimepangwa mstari mmoja, ukuta wa huyu ni ukuta wa yule. Nilifika pale nikiwa bibi harusi, nimetolewa Mbuba, kwetu Ngara, kwenye migomba na ukungu, nikashushwa kwenye jua ambalo linakutazama usoni kutwa nzima. Maji yaliletwa na behewa la tangi, nasi wanawake tulikuwa tunapanga ndoo kabla halijasimama, tunatukanana, tunacheka. Mume wangu Evarist alikuwa gadi, msimamizi wa safari, kwenye treni za mizigo. Maana yake ni kwamba nilimwona zaidi akipita kuliko akikaa. Treni ikivuma, mimi hutoka mlangoni, naye yupo nyuma kabisa kwenye behewa la mwisho, anapunga bendera ya kijani kama anapungia nchi nzima, na akiwa ametoka Mwanza alikuwa anarusha kifurushi cha sangara waliokaushwa, kinaanguka majanini, nakikimbilia. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yangu, mume anayepita kwa kasi na harufu ya samaki. Nilikuwa nampenda sana, sitaficha.

Nyumba yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya baba yake. Baba mkwe wangu alikuwa mnyapara wa gengi. Nyumba ya vyumba viwili, yeye cha mbele, sisi cha nyuma, na jiko la nje. Mama mkwe alibaki Mbuba na mashamba. Kwa hiyo siku nyingi, mume akiwa safarini, tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, mimi na baba mkwe, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu kwa mila ya kwetu mimi na yeye hatukuwa na ruhusa ya kuwa watu wawili. Vijana wa leo wanakula na wakwe zao meza moja, wanapiga nao picha. Sisi tulilelewa vingine. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hali mbele yake, na wala hamwoni yeye akila. Hawaongei, neno likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu. Na jina lake halitamki, si mbele yake, si nyuma yake, si usingizini. Mimi hata sasa silitamki, na humu sitaliandika. Mwiko huo haukomi mpaka baba mkwe mwenyewe apende, ndipo anapomletea mkwe wake mbuzi. Mkwe anampika, wanaketi mahali pamoja, wanakula wakitazamana, na kuanzia pale anakuwa binti yake, anaweza hata kumbishia. Mbuzi huyo hutolewa mara moja tu.

Basi tukajifunza kuishi kwa sauti. Nikitaka kupita chumba cha mbele, nakohoa, naye anageukia ukutani. Akitaka maji ya kuoga, anagonga ndoo tupu. Mchana nilikuwa nawapelekea chakula njiani, naufuata ukingo wa reli na sufuria kichwani mpaka karibu na walipokuwa wanafanya kazi. Sahani yake yeye naiweka peke yake kwenye jiwe la kilomita, napiga makofi mawili taratibu, naenda hatua kadhaa, nageuka nimpe mgongo. Yeye anakuja, anakaa juu ya reli, anakula. Akimaliza anakohoa, nami natazama chini, nachukua sahani. Wale wanaume wa gengi, Wasukuma wengi wao, walikuwa wanatuona kama watu wa ajabu. Masanja, ambaye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo za kazi, aliwahi kusema kwa sauti ili nisikie, "Hawa wa Ngara wanapeana chakula kama wanadaiana." Nilicheka peke yangu, nimewapa mgongo. Ninaposimulia hivi naona kama nilikuwa na raha, na nadhani kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa msichana mwenye adabu, nilijua kuwa nina adabu, na nilijivuna nayo kuliko kitenge changu cha harusi.

Siku yenyewe ilikuwa ya upepo. Watu walikuwa wanapumzika chini ya mgunga, wengine wamelala, baba mkwe amekaa juu ya reli kwenye jiwe lake anakula ugali na maharage. Mimi nimempa mgongo kama kawaida, uso wangu umeelekea juu, kule njia ilikotoka. Pale kuna mteremko mdogo ambao jicho haliuoni lakini gurudumu linaujua. Na huko juu vijana wawili walikuwa wameacha toroli lililojaa mataruma ya chuma, wakaliwekea kabari ya mti, wakaja kula. Kabari ikateleza au upepo ukalisukuma, sijui. Nililiona linakuja. Toroli halivumi kama treni, linakuja na mlio mdogo tu, na upepo ule ulikuwa unapeleka mlio wote upande mwingine. Nikatupa jicho la pembeni, nikamwona mtu mzima amekaa juu ya chuma, kichwa ameinamia sahani, na sikio lake la upande ule lilikuwa limeharibiwa na nyundo za miaka mingi. Nikapiga makofi. Mungu anisamehe, hilo ndilo nililofanya kwanza, nikapiga makofi, kwa sababu ndiyo lugha niliyokuwa nayo kwake. Naye akainua mkono kidogo, kunishukuru, akaendelea kula. Nikapiga tena, kwa nguvu. Akainua mkono tena.

Ndipo nikamwita. Nilimgeukia, nikamtazama usoni, nikamwita kwa jina lake, lile alilopewa na baba yake, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Aliruka kama kijana. Toroli likapita, likachukua sahani, likamwaga maharage juu ya kokoto, likaenda kugota mbele kwenye rundo la udongo. Wanaume wote wamesimama chini ya mgunga. Baba mkwe amekaa chini kwenye majani, ananitazama, nami namtazama, macho kwa macho, mara ya kwanza maishani mwetu. Alikuwa na macho ya mume wangu. Sikujua hilo mpaka pale. Halafu mtu mmoja akaanza kucheka, alikuwa Masanja, na wengine wakafuata, kicheko cha watu waliookoka. Mimi nilijitupia kitenge kichwani nikakimbia mpaka nyumbani, nikajifungia chumba cha nyuma, na sikulia kwa furaha kwamba mtu amepona. Nililia kwa sababu nimemvua nguo mzee wa watu mbele ya watu anaowaamrisha.

Kesho yake asubuhi wimbo ukaanza. Nyimbo za gengi zinatungwa hivyo, jambo la jana linakuwa wimbo wa leo, ili nyundo zishuke pamoja. Nilikuwa nachambua maharage, nikasikia sauti ya Masanja ikipanda, "Mkwe kaita!" na nyundo zote, "Haa!" "Kamwita nani?" Na hapo wanaume wote, kwa pamoja, wanalitaja jina lake, na nyundo zinashuka. "Ugali umekimbia!" "Haa!" Maharage yote yalinimwagika. Nikasema moyoni, sawa, ni leo tu, mnyapara atawakomesha. Ni neno moja tu la kwake. Nilisubiri neno lile siku hiyo, na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Halikuja. Wimbo ukazidi kunona. Wakaongeza kwamba mkwe alilisimamisha toroli kwa kidole. Wakaongeza kwamba alilibeba kichwani mpaka Isaka. Watoto wa gengi wakaanza kuuimba wakiruka kamba. Wanawake kwenye tangi la maji wakawa wakiniona wanasema "Haa!" na kucheka, si kwa ubaya, najua leo, lakini aibu haiulizi nia ya mtu. Nikawa naenda kuteka maji wakati wenzangu wamekwisha ondoka, natikisa bomba kupata matone ya mwisho.

Na jioni moja nilisikia kwa masikio yangu. Walikuwa wamekaa nje ya chumba cha mbele, wanakunywa, na ukuta ule haukuwa ukuta. Masanja alikuwa anauliza, "Mnyapara, wimbo haujazidi sasa? Binti wa watu anaona haya." Na baba mkwe, kwa ile sauti yake ya polepole ambayo haikuwahi kunielekea mimi, akajibu, "Msipunguze. Ongezeni. Tieni uongo mwingi zaidi." Watu wakacheka. Nilikuwa nimeshika kibatari, nikakiweka chini nisije nikakitupa. Kumbe ndiye mwenyewe! Kumbe mtu niliyemwokoa ndiye anayewapa kuni wanaonichoma! Evarist alipokuja kulala nyumbani nikamwambia nataka kurudi Mbuba. Akaniuliza kuna nini. Nikasema jua. Wimbo alikuwa ameusikia, akaudhani ni mzaha wa gengi tu. Ningemwambiaje? Ingebidi nimwambie nimetamka jina la baba yake, na jambo hilo lingefika kwa mama yake, na mama yake, kwa mkwe aliyefanya hivyo, alikuwa na dawa moja tu, kumfungia vitu vyake na kumrudisha kwao. Hofu yangu kubwa ilikuwa hiyo. Nilimtaka mume wangu. Kila mtu wa Ngara aliyekuwa kwenye gengi akienda likizo, nilikuwa sipati usingizi.

Na kweli jambo lile likafika. Wakati wa mavuno ya maharage Evarist alinipeleka Mbuba, nikamkuta mama mkwe amekaa uani na wanawake wa jirani, wanapura, na kijana mmoja wa Kirushya, huko huko Ngara, aliyekuwa anafanya kazi gengini kwetu yupo kwenye likizo, amekuja kusalimia, kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Nilipiga magoti, shikamoo mama. Hakuitikia. Akasema mbele ya wote, "Mwanangu, tumesikia maneno. Kwamba huko relini unamwita baba mkwe wako kwa jina." Wanawake wakaacha kupura. Mimi nikasema moyoni nimekwisha. Lakini mama mkwe akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa kicheko, "Na tumesikia kwamba umebeba toroli la vyuma kichwani mpaka Isaka. Hebu simama nikuone shingo." Wanawake wakaangua kicheko. Yule kijana wa Kirushya akawa anajitetea, "Mama, jina ni kweli, mimi nilikuwepo!" Mama mkwe akamgeukia, "Na toroli la kichwani, je? Nalo ulikuwepo? Wanaume wa reli nyie, jua limewaharibu vichwa. Huyu mtoto nimemchagua mwenyewe, anaona haya hata kivuli cha mzee." Akanivuta, akaniketisha karibu yake, akanipa rubisi kwenye kikombe chake. Nilikunywa nikiwa natazama chini. Walidhani ni adabu. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini uongo umeniokoa. Nilijua tu kwamba nimekaa kwenye sifa isiyo yangu, na nikamchukia zaidi yule mzee kwa kunifikisha hapo.

Niliporudi gengini nilikuwa nimekuwa mtu mwingine, mgumu. Nikawa naweka sahani kwenye jiwe bila kupiga makofi, aione asiione. Mwisho wa mwaka ule, mvua za kwanza zimeanza na hata huko nyasi zimeota, nilitoka jikoni asubuhi nikakuta mbuzi jike mweupe amefungwa mlangoni. Kamba mpya. Shingoni wamemvisha utepe wa kijani wa bendera iliyochakaa. Nilijua mara moja ni nini. Baba mkwe alikuwa amesimama mbali, karibu na nyumba ya vifaa, amegeukia upande mwingine kama mtu anayekagua reli, lakini hakuwa anakagua chochote. Gengi zima lilikuwa limesimama. Ni Masanja tu aliyekuwa ameingia ndani kufunga mizigo yake, maana alikuwa anahamishwa. Nikamfungua yule mbuzi. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele, wakidhani nampeleka jikoni. Nikamwongoza uani kote, nikavuka reli, nikamfunga kwenye mlango wa nyumba ya vifaa, karibu kabisa na alipokuwa amesimama, nikageuka nikarudi jikoni kwangu kusonga ugali. Vigelegele vilikatika katikati. Nilikuwa na kiburi kifuani, kitamu kama asali, nayaandika haya na bado naikumbuka ladha yake. Nikasema, sasa na wewe uone haya.

Hakusema neno. Angesemaje, na kwa nani? Aliuza yule mbuzi kwa watu wa Isaka, na gengini hakuna aliyethubutu kumsimulia Evarist aibu ile ya baba yake. Wimbo nao ukafifia, gengi likapata jambo jingine la kuimba. Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo, alistaafu tukarudi wote Mbuba, nikamzalia wajukuu, na watoto wangu ndio waliokuwa wanambebea sahani. Alipougua mwishoni nilimpikia uji mimi mwenyewe, nikauweka kizingitini, nikageuka. Evarist alikuwa ananiuliza, "Hivi baba hakuwahi kukupa mbuzi wako?" Nami nasema, "Muulize yeye." Akimuuliza, mzee anasema, "Makosa yangu." Watu wakamwona bahili. Alizikwa akiitwa bahili, na mimi nilikuwa nimesimama na wafiwa, nimefunga kanga kiunoni, sikufungua mdomo.

Sasa narudi ukumbini, kwenye kona yangu na sahani yangu. Masanja alikuwa amekwisha imba nyimbo mbili. Ya tatu akagonga fimbo sakafuni, na kabla hajafungua kinywa nilijua. "Mkwe kaita!" Wazee wote, na mikongojo yao, "Haa!" Wale walionijua wakageuka kunitafuta, wakinikonyeza. Jina la baba mkwe wangu likajaa ukumbi, limetajwa na watu ambao nusu yao hawakuwahi kumwona. Nilihisi shingo inawaka kama nina miaka ile. Walipomaliza, Mwalimu Jovin akiwa amenyoosha simu yake kurekodi akauliza, "Mzee Masanja, huu uliutunga wewe?" Na Masanja akatikisa kichwa.

"Mimi sauti tu. Mwenye wimbo ni mnyapara mwenyewe. Jioni ile ile ya toroli alituita kwenye nyumba ya vifaa, akasema, jamani, huyu mtoto ameniokoa, lakini kwetu hilo jina halitajwi. Nyumbani wakilisikia watamrudisha kwao. Na nyie wengine wa Ngara mnakwenda likizo, hamuwezi kufunga midomo, nawajua. Basi tuliimbe. Tulitie uongo mpaka hakuna mtu mwenye akili zake atakayeliamini. Habari wataiamini, wimbo wataucheka. Ndivyo alivyosema." Mzee akafuta macho yake yasiyoona. "Mimi nilimwambia, mnyapara, binti mwenyewe anaumia, hajui. Akasema, mimi siwezi kuongea naye, mila hairuhusu, na nikituma mtu, siri imekwisha. Nanunua mbuzi. Siku tutakapokula, nitakuwa na ruhusa ya kufungua kinywa. Nitamweleza siku hiyo, na nitamshukuru. Alikaa miezi anatafuta mbuzi mweupe. Mimi nilihamishwa siku ile ile mbuzi alipokuja, asubuhi niliona amefungwa pale mlangoni, nikaingia kufunga mizigo, nikasikia vigelegele vinaanza, treni yangu ikafika nikapanda. Mwisho wake sikuuona."

Sikumbuki nani alinipokonya sahani mkononi, ilikuwa inainama. Nilikuwa najaribu kumwona yule mzee amesimama kwenye nyumba ya vifaa, amegeuka upande, ameandaa maneno yake ya mwaka mzima, anangoja harufu ya nyama itoke jikoni kwangu. Badala yake anamwona mbuzi anavushwa reli. Na miaka yote ile mingine, ameyabeba maneno yale yale, na nyumba moja, na mlango mmoja. "Makosa yangu," alikuwa anasema. Nilitamani sakafu ile ya parokia ipasuke. Aibu ya ujana wangu ilikuwa mchezo wa watoto. Hii ndiyo yenyewe, na yule wa kuniondolea yuko chini ya migomba ya Mbuba.

Mwalimu Jovin, maskini, hakujua. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyeokota almasi. "Mzee Masanja," akasema, "huyo mkwe mwenyewe yumo humu ndani!" Wakanishika mkono, wakanipitisha katikati ya viti mpaka mbele. Masanja akaninyooshea viganja vyake, vigumu kama kokoto, akanishika vidole vyote.

"Mama! Ni wewe? Hebu niambie, maana nimelala na swali hili maisha yangu yote. Mzee alikueleza?"

Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama. Mwanangu alikuwa mlangoni, mjukuu wa yule bahili. Nilifungua kinywa nikiwa na nia ya kusema kweli, nawaapia.

"Alinieleza," nikasema.

"Alhamdulillah!" akasema stesheni masta nyuma yangu. Masanja akacheka, machozi yanamtoka, anatikisa mikono yangu. "Nilijua! Nilijua tu! Mlikula?"

"Tulikula."

"Na ndizi?"

"Na ndizi."

"Na yeye alikula vizuri, mbele yako hivi hivi?"

"Alikula sana," nikasema. "Nikamwongezea."